Remorki Yako Inagusa Chini? Pima Kwanza Kabla ya Kuinua Esie



Katika kambi zetu na katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, remorki ndogo ya magurudumu mawili ni mali ya maana. Inaleta mahindi toka shambani, makala toka porini, matofali na mbao za kujengea nyumba. Nyingi zimetengenezwa na wenyewe: mwenye remorki alinunua esie ya motokari ya zamani, akatafuta vyuma, akaunga sanduku, akaanza kazi.

Lakini barabara za mashamba si barabara za lami. Mvua zikianza mwezi wa 11, malori yanachimba mifereji miwili katika udongo mwekundu, na katikati kunabaki kigongo. Kuna visiki. Kuna vichuguu vikubwa vilivyokatwa nusu. Remorki inapita hapo ikiwa imejaa, na tumbo lake linakwaruza chini. Siku hiyo mwenyewe anajiambia: "Nitainua esie."

Kuinua remorki kunawezekana, na mafundi wanakufanya kila siku. Lakini kazi hii inaweza kumwumiza mtu katika saa tatu mbalimbali. Saa ya kwanza ni wakati fundi yuko chini ya remorki. Saa ya pili ni pale chuma kilichoungwa vibaya kinapoachana njiani. Saa ya tatu ni wakati remorki iliyopata kimo kirefu inapinduka, na watu wamekaa juu ya mifuko.

Leo tutazieleza zote tatu. Neno la kushika ni hili: kimo unachokipata chini, unakilipa juu. Ukiinua remorki sentimita 10, umeinua na mzigo wote sentimita 10. Basi inua kile kinachohitajiwa tu, na uinue tu kama ni lazima.

KWA SABABU GANI INAGUSA CHINI?

Kabla ya kukata chuma chochote, weka remorki tupu mahali palipo sawa, uifunge nyuma ya motokari inayoivuta. Pima toka ardhini mpaka chini ya fremu, kwenye pembe zote nne. Andika. Kisha pakia mzigo wako wa kila siku, upime tena pembe zilezile. Karatasi hiyo itakuambia ugonjwa uko wapi.

Tuchukue mfano. Remorki tupu ina sentimita 38. Ikijaa ina sentimita 27. Imeshuka sentimita 11. Hapa ugonjwa hauko katika kimo cha esie. Uko katika resori au katika mzigo.

Angalia mambo haya manne:

1. Mzigo. Mfuko mmoja wa simenti una kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja. Esie ya nyuma ya motokari ndogo ilitengenezwa kubeba sehemu ya nyuma ya motokari ile pamoja na watu wake. Haikutengenezwa kubeba tani mbili. Kuinua esie hakuongezi nguvu yake hata kilo moja.

2. Resori. Resori ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine, yamepindika kama upinde. Yakichoka, yananyooka. Pengine bamba moja limevunjika na kutu imelificha. Safisha kwa brosi ya chuma, uangalie vizuri penye msumari wa katikati na kando ya matundu ya miisho. Kama upande mmoja wa remorki uko chini kuliko mwingine, mara nyingi ugonjwa ni huo.

3. Pine. Pine yenye upepo mdogo inashusha remorki, inapata moto, na inaweza kupasuka njiani. Pia kama ulibadilisha pine ukaweka ndogo zaidi, umeshusha remorki wewe mwenyewe. Kumbuka hesabu hii: pine iliyo kubwa zaidi kwa sentimita 4, toka ukingo wake mmoja hadi mwingine, inainua remorki sentimita 2 tu.

4. Mkono wa mbele. Kama mahali pa kufungia kwenye motokari ni juu sana, mkia wa remorki unalala chini. Esie haina kosa. Sahihisha kimo cha kifungo, na mkia utainuka.

Watu wengi wakifanya uchunguzi huu wataona kwamba dawa ni resori mpya, au kupunguza mifuko, au kusawazisha kifungo. Dawa hizo ni rahisi kuliko kubadilisha esie, na hazileti hatari ya kupinduka. Kama baada ya hayo yote bado remorki inagusa chini hata kwa mzigo wa haki, endelea kusoma.

ESIE INAKAA NAMNA GANI?

Esie ni ule mtarimbo au bomba la chuma linaloshika magurudumu mawili. Inafungwa kwenye resori kwa bridi, yaani vyuma vya mviringo vilivyopindwa kama herufi U, vyenye ekru miishoni. Kati ya esie na resori kuna kikalio, kipande cha chuma chenye tundu. Kichwa cha msumari wa katikati wa resori kinaingia katika tundu hilo ili esie isiteleze mbele au nyuma.

Sasa tazama remorki yako. Kuna namna mbili. Katika namna ya kwanza esie iko juu ya resori, na resori inapita chini yake. Remorki ya namna hii iko chini. Katika namna ya pili esie iko chini ya resori, na resori imekaa juu yake. Remorki ya namna hii iko juu.

Ukitoa esie juu ya resori na kuiweka chini yake, remorki inapanda kwa unene wa esie pamoja na unene wa resori pale katikati. Esie ya sentimita 6 na resori ya sentimita 4 zinaleta sentimita 10. Ongeza tofauti ya unene wa vikalio kama ipo. Hesabu hii ifanywe kabla ya kazi, kwa kutumia mita. Isikadiriwe kwa macho.

NJIA MBILI ZINAZOFAA

Njia ya kwanza ni hiyo tuliyoieleza: esie inahama toka juu ya resori kwenda chini. Vikalio vipya vinaungwa upande wa juu wa esie. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau: esie yenyewe isigeuzwe. Esie nyingi za remorki zimepindwa kidogo kwenda juu katikati, ili zikibeba mzigo zinyooke na pine zikanyage sawasawa. Ukiigeuza tumbo juu, mpindo unakwenda chini, magurudumu yanalala upande, na pine zinalika ukingo mmoja. Tena kama remorki ina breki za mafuta, skurubu ya kutolea hewa lazima ikae juu. Ukigeuza esie, skurubu inakuwa chini, hewa haitoki, na breki haishiki. Kwa hiyo esie inashuka chini ya resori, lakini upande wake wa juu unabaki juu.

Resori nayo isigeuzwe. Bamba refu lenye matundu ya miisho libaki mahali pake. Lakini kichwa cha msumari wa katikati lazima kielekee esie, kwa kuwa ndicho kinachoizuia isiteleze. Kama kichwa kiko juu, msumari utolewe na kuingizwa upya toka chini. Kabla ya kuutoa, bana mabamba yote kwa nguvu, maana yanaweza kuachana ghafula na kukata vidole.

Njia ya pili ni kuweka kipande cha chuma kigumu kati ya resori na esie, cha sentimita 2 hadi 5. Kiwe na tundu upande mmoja na kichwa cha msumari upande wa pili, na kifungwe kwa bridi mpya zilizo ndefu zaidi. Njia hii inawafaa wale ambao esie yao iko tayari chini ya resori, na wale wanaohitaji kimo kidogo tu.

NJIA ZISIZOFAA

Usiweke kipande cha ubao kati ya esie na resori. Ubao unanywa maji, unakauka, unapasuka, na bridi zinalegea.

Usipange vipande viwili vya chuma kimoja juu ya kingine. Vitateleza.

Usitengeneze bridi kwa vyuma vya kujengea nyumba. Chuma hicho si cha kazi hiyo, na ukikikata nyuzi za skurubu unapunguza unene wake.

Usirudishe bridi za zamani. Zilikwisha kuvutwa zilipokazwa mara ya kwanza, na hazishiki tena kama mpya. Bei ya bridi nne si kitu mbele ya bei ya ajali moja.

Usiinue upande mmoja tu ili kuficha resori iliyovunjika.

KRIKI NI YA KUINUA, SI YA KUSHIKA

Sasa tunafika kwenye hatari ya kwanza. Kazini, hakuna anayekubali kuingia chini ya benne ya lori iliyoinuliwa bila kuizuia kwa chuma chake. Kila mmoja anajua kwamba mafuta yanaweza kuvuja, na benne ikishuka haitoi habari. Lakini mtu yuleyule, siku ya Mungu nyuma ya nyumba yake, analala chini ya remorki iliyosimama juu ya kriki moja. Uzito hauogopi siku ya mapumziko. Remorki tupu ya kilo 300 inatosha kumbana mtu kifua asipumue tena.

Fanya hivi:

1. Toa mzigo wote. Hata magunia mawili yaliyobaki, yatoe.

2. Chagua mahali pagumu na sawa. Udongo uliolowa mvua unameza mguu wa kriki. Kama hakuna sakafu, weka ubao mpana na mnene chini.

3. Legeza ekru za magurudumu kidogo wakati pine bado ziko chini. Ukizilegeza remorki ikiwa juu, nguvu ya mikono yako itaiangusha.

4. Shikiza mkono wa mbele, mbele na nyuma, juu na chini, usiweze kupanda wala kushuka. Remorki ya magurudumu mawili ni kama mizani: ukiondoa kitu upande huu, upande ule unashuka.

5. Inua kwa kriki, kisha uweke shandeli, yaani ile miguu mitatu ya chuma ya makanika, chini ya fremu. Tunasema chini ya fremu, si chini ya esie, maana esie ndiyo utakayoitoa. Ziwe nne, mbili mbele na mbili nyuma. Shusha kriki mpaka uzito wote ukae juu ya shandeli.

6. Simama kando, sukuma remorki kwa mikono miwili. Kama inatikisika, anza upya.

7. Esie ni nzito. Ishikwe na kriki au na watu wawili wakati bridi zinafunguliwa, isije ikaanguka juu ya miguu.

Usitumie matofali badala ya shandeli. Tofali linabeba vizuri mpaka dakika ile linapopasuka, na likipasuka halikupi nafasi ya kutoka. Vivyo hivyo rimu za zamani zilizopangwa, na magogo ya mviringo.

Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu mwingine karibu, anayeona na anayeweza kuita. Na wewe mama, watoto wasicheze karibu, maana mtoto huingia chini kufuata mpira au kuku. Fundi akienda kula bukari, remorki isiachwe juu bila mlinzi.

MOTO NA MOSHI WAKE

Kuunga vikalio ni kazi ya fundi wa kuunga vyuma anayeijua. Kama si kazi yako, mwite mwenye kazi. Hata hivyo mwenye remorki ajue mambo ya kuangalia.

Vikalio viungwe kwa mistari inayofuata urefu wa esie, huku na huku ya kikalio. Usizungushe moto kukata upana wa bomba. Esie ikibeba mzigo, tumbo lake linavutwa, na alama ya moto iliyokata upana ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Usimwage maji ili chuma kipoe upesi. Kiache kipoe polepole.

Waya wa kurudisha umeme ufungwe kwenye esie yenyewe, karibu na mahali pa kuunga. Ukiufunga kwenye gurudumu, umeme unapita katika ruluma, unachoma gololi zake, na baada ya safari chache gurudumu linaanza kulia.

Magurudumu yatolewe kabisa kabla ya moto. Kamwe usiunge wala kuchoma rimu yenye pine, hata kama umetoa upepo. Joto linageuza mpira wa ndani kuwa gesi, na pine inalipuka kama bomu. Watu wamekufa kwa jambo hilo katika nchi nyingi.

Sasa jambo la afya. Vyuma vingi vyeupe vinavyong'aa vimepakwa zinki ili visipate kutu. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta, baada ya saa chache anapata baridi, homa, kichwa kuuma, kiu, ladha ya chuma mdomoni, na kikohozi. Kwa sababu inafanana na malaria, wengi wanakunywa dawa ya malaria na kurudi tena kwenye moshi kesho yake. Homa hiyo huisha kwa siku moja au mbili, lakini mwili haukutengenezwa kwa ajili yake. Kabla ya kuunga, ondoa zinki kwa tupa au kwa jiwe la kusagia, sentimita chache kuzunguka mahali pa moto, ukifunga pua kwa mask inayofaa kwa vumbi hilo. Fanya kazi nje, upepo ukupige ubavuni na kuupeleka moshi mbali na uso. Kitambaa kilicholowa maji hakizuii moshi huo. Maziwa nayo ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni. Ukipata homa, mwambie mwuguzi: "Jana niliunga chuma cha zinki." Apime damu pia, maana katika nchi yetu malaria yenyewe ipo, na moja haizuii nyingine. Ukikosa pumzi, usingoje kesho.

Na macho. Mwanga wa moto wa kuunga unaunguza jicho bila maumivu ya saa ileile. Usiku ndipo mtu anaamka akisikia kama mchanga machoni. Fundi avae mask yenye kioo cheusi, na watoto wanaopenda kutazama cheche wafukuzwe mbali. Mwenye macho kama hayo aende dispanseri. Asitie dawa ya jirani.

ESIE IKAE SAWA

Kabla ya kukaza kabisa, pima toka katikati ya kichwa cha mkono wa mbele mpaka mwisho wa esie upande wa kushoto, kisha upande wa kuume. Vipimo viwili viwe sawa, tofauti isizidi milimita 3. Esie iliyokaa mshazari inavuta remorki pembeni na kula pine.

Kaza ekru za bridi kidogokidogo kwa kupokezana, kama unavyokaza gurudumu, mpaka zote nne zishike sawa. Kisha zungusha kila gurudumu kwa mkono, uone kwamba pine haigusi kitu, na kwamba waya za taa na bomba la breki hazikuvutwa na kimo kipya.

KICHWA CHA REMORKI

Umeinua esie sentimita 10, lakini kifungo cha motokari hakikupanda. Sasa remorki inainamisha kichwa kama ng'ombe anayekunywa maji. Mzigo unasukuma mbele, na motokari inakaa chini nyuma. Basi kifungo kirekebishwe mpaka fremu ilale sawa wakati remorki imejaa. Kama ukizidisha na kichwa kikapanda juu, shida ni kubwa zaidi: mbele inakuwa nyepesi, na kwenye mwendo remorki inaanza kuyumba kushoto na kuume kama mkia wa samaki. Shoferi mwingi hawezi kuituliza.

Sheria iliyojaribiwa ni kwamba kichwa kibebe kama sehemu 10 hadi 15 katika 100 ya uzito wote. Remorki na mzigo wake vikiwa kilo 600, kichwa kiwe na kilo 60 hadi 90. Unaweza kukipima kwa mizani ya magunia. Lakini usipite kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa motokari yako. Kama kipimo chao ni kidogo, punguza mzigo. Na mnyororo wa usalama usikosekane: kifungo kikikatika, mnyororo ndio unaozuia remorki isiende peke yake katika watu wanaotembea kando ya barabara.

MZIGO NA WATU

Tumebakiza hatari ya tatu, nayo ndiyo inayoua wengi kwa mara moja.

Tuseme toka gurudumu hadi gurudumu kuna sentimita 140. Nusu yake ni 70. Kama uzito wa remorki na mzigo una kitovu chake sentimita 100 juu ya ardhi, basi kwa hesabu ya karatasi remorki inapinduka ikilala pembeni kwa digri 35. Inua esie sentimita 10: inapinduka kwenye digri 32. Sasa panga magunia ya makala mpaka kitovu kifike sentimita 160: inapinduka kwenye digri 24. Na hiyo ni karatasi tu. Njiani resori zinainama, pine zinabonyea, na kona inasukuma. Remorki ya kweli inapinduka mapema zaidi.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kuinua esie kunaondoa sehemu ya usalama wako. Na namna ya kupakia inaondoa sehemu kubwa zaidi. Aliyeinua remorki yake lazima ashushe mzigo wake. Vitu vizito chini, katikati, na kidogo mbele ya esie. Vyepesi juu. Kamba zishike mzigo wote. Kabla ya kona, punguza mwendo. Kabla ya mteremko, punguza zaidi, maana remorki isiyo na breki inaisukuma motokari toka nyuma.

Na watu? Hakuna mtu juu ya mzigo. Tunajua ginsi mambo yalivyo: jua limezama, shamba liko kilomita nyingi, mama ana mtoto mgongoni na miguu imechoka, na juu ya mifuko kunaonekana kama kitanda. Lakini mtu mzima ana kilo 60 au 70, na anakaa juu kabisa, mahali ambapo uzito ni mbaya zaidi. Watu wanne juu ya mifuko wanabadilisha hesabu yote. Remorki ikilala, wao wanaanguka kwanza, na mifuko inawafuata. Panga safari mbili. Watu katika motokari, mahindi katika remorki. Mafuta ya safari ya pili yana bei. Mguu uliokatwa, mtoto aliyepotea, havina bei.

BAADA YA KAZI

Safari ya kwanza iwe fupi na mzigo uwe nusu. Simama baada ya kilomita chache, kaza tena ekru za magurudumu. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza tena bridi zote, kwa kuwa chuma kipya hukaa mahali pake na kulegea kidogo. Kisha uangalie kila mwezi, na kila mara kabla ya safari ndefu. Karibisha mkono wako kwenye kitovu cha gurudumu baada ya mwendo, bila kukibana. Kama joto linakuzuia kuuacha hapo, ruluma ina ugonjwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, jibu maswali haya, na jibu la kila moja liwe ndiyo:

Nimepima kimo remorki ikiwa tupu na ikiwa imejaa?
Esie inabeba uzito huu kwa haki?
Bridi ni mpya na zimekazwa?
Fremu imelala sawa nyuma ya motokari?
Mnyororo umefungwa na taa zinawaka?
Vitu vizito viko chini?
Juu ya mzigo hakuna mtu?

Kama jibu moja ni hapana, usiondoke. Mahindi yanaweza kulala shambani usiku mmoja. Wewe unangojwa nyumbani leo.

USALAMA HAUBAKI KWENYE MLANGO WA KAZI. UPELEKE NYUMBANI.